Thamani ya Ngao

Mtu atungaye mchezo ni mtunga sheria, ijapo nchi yake ni meza moja na raia wake ni watu wawili. Ana mamlaka ambayo wafalme wengi hawakuyapata. Akisema kwamba kete fulani haifi, haifi. Akisema kwamba pigo la tano halihesabiwi, halihesabiwi, wala hapana mahakama ya rufani. Kwa sababu hii kanuni za michezo zastahili kutazamwa kwa jicho lile lile litazamalo sheria za watu, na miongoni mwa kanuni hizo hapana iliyo ngumu kutungwa kwa haki kuliko kanuni ya ngao. Kanuni ya silaha huuliza mtu aweza kumdhuru mwenziwe kiasi gani. Kanuni ya ngao huuliza jambo zito zaidi: mtu aweza kuwekwa mbali na madhara kiasi gani kabla usalama wake haujawa dhuluma kwa mwingine?

Na achukuliwe kwa mfano kijana mmoja wa Nyamilangano, makao ya Halmashauri ya Ushetu, nchi iliyomegwa kutoka wilaya ya zamani ya Kahama. Tumbaku imekwisha kuvunwa, kazi za shamba zimepungua, naye ana karatasi, penseli, dadu mbili na vifuniko vya soda. Ameazimia kutunga mchezo wa mezani wa merikebu za anga zipiganazo baina ya nyota. Karatasi ndiyo anga, vifuniko ndivyo merikebu, na dadu ndiyo bahati ya vita. Kanuni za mwendo amezitunga kwa siku moja, na za mizinga kwa siku ya pili. Siku ya tatu afika kwenye ngao, na hapo kazi yasimama. Kijana huyu hakuzaliwa na mtu. Ni wa mfano tu. Lakini tatizo lake ni la kweli, na wengi wamekwama mahali pale pale.

Katika nchi za ng'ambo michezo ya namna hii imekwisha kuwa na umri wa mtu mzima. Mwaka 1966 Wamarekani walianza kuonyeshwa katika televisheni hadithi za Star Trek, na tangu hapo merikebu ya anga isiyo na ngao ya nishati imekuwa machoni pa watu kama nyumba isiyo na mlango. Mwaka 1979 Stephen V. Cole akatoa mchezo uitwao Star Fleet Battles. Uwanja wake umegawanywa katika vyumba vya pembe sita, na kila merikebu ina ngao sita, moja kwa kila upande. Kila ngao ina visanduku vilivyochorwa karatasini. Pigo hufuta visanduku, na vikiisha, madhara hupenya ndani yakavunja mitambo. Tena nguvu za merikebu hutoka katika hazina moja, nazo hugawanywa kila mzunguko: zilizotumiwa kwa mwendo haziwezi kutumiwa kwa mizinga, na zilizotiwa katika mizinga haziimarishi ngao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwingereza Jon Tuffley akafuata njia nyepesi zaidi katika mchezo wake Full Thrust. Humo mpigaji hutupa dadu; ikionyesha 4 au 5 hutoa dhara moja, ikionyesha 6 hutoa mawili. Ngao ya daraja ya kwanza huifuta ile 4. Hesabu yake si ngumu: pasipo ngao, dadu sita zilizoonyesha kila uso mara moja huleta madhara manne; penye ngao huleta matatu. Robo imeondoka, na hapana kisanduku cha kufuta.

Mtu aweza kudhani kwamba tofauti hizi ni za uandishi tu. Sivyo. Kijana wa mfano ana njia mbili rahisi mbele yake. Aweza kuandika, "Ngao huondoa 3 katika kila pigo." Aweza pia kuandika, "Ngao ina alama 30, nazo hupungua kwa kila pigo." Sentensi zote mbili ni fupi, na zote mbili zaonekana safi. Sasa na zije merikebu ndogo kumi, kila moja na mzinga wa nguvu 3, zipige pamoja. Kwa kanuni ya pili ngao imekwisha, na merikebu kubwa imebaki uchi. Kwa kanuni ya kwanza hapana lililotendeka. Mapigo kumi yamekuwa upepo. Lakini ije merikebu moja yenye mzinga wa 30, na kanuni hiyo hiyo ya kwanza itapitisha 27. Nguvu zilizotupwa ni sawa katika hali zote mbili. Kanuni ya kwanza haikutamka neno lolote juu ya wadogo na wakubwa, hata hivyo imekwisha amua kwamba wadogo, wawe wengi namna gani, hawana pigo. Kanuni ya Tuffley haina upendeleo huo, kwa kuwa huondoa fungu la madhara, haiondoi kiasi kilicho kimoja kwa wote.

Jambo hili lina ndugu zake nje ya meza. Ada ya shauri iliyo sawa kwa kila mtu haisemi kwamba maskini hana haki ya kulalamika. Humwambia tu alipe, na malalamiko yake huishia mlangoni. Ofisi isiyosikia barua ya mkulima mmoja, wala ya wa pili, wala ya wa kumi, ila husikia neno moja la mtu mwenye jina, imevaa ngao ile ile iondoayo 3 katika kila pigo. Aliyeitunga labda hakukusudia ubaya. Alitaka tu kupunguza kelele.

Yamkini kijana hana haja ya kwenda mbali kutafuta shauri. Chini ya mwembe wazee wanacheza. Wasukuma wana mchezo wao wa mashimo uitwao isolo, wenye kanuni zake. Lakini linalofaa kutazamwa hapa ni bao la Kiswahili, ambalo limepanda kutoka pwani na kuenea bara. Lina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili: ya mbele inayokabili adui, na ya nyuma iliyo karibu na kifua chake. Kete za safu ya mbele huliwa. Kete za safu ya nyuma haziliwi kabisa, ziwe mbili au ishirini. Hapa ndipo penye ngao kamili, isiyo na visanduku vya kufutwa wala dadu ya kutupwa. Mgeni akielezwa hivyo atauliza mara moja: basi kwa nini mtu asizirundike kete zake zote nyuma akalala usingizi? Jibu la bao ni fupi. Mchezaji ambaye safu yake ya mbele imekuwa tupu ameshindwa papo hapo. Nyuma aweza kuwa tajiri. Hufa na utajiri wake.

Hapana kanuni ya ngao iliyo nzuri kuliko hiyo katika michezo yote inayojulikana sana Afrika ya Mashariki, na uzuri wake ni huu: haikukataza usalama, wala haikuutoza kodi kidogo kidogo. Imempa mtu usalama kadiri atakavyo, kisha ikamwambia kwamba sharti la kubaki mchezoni ni kuwa na kitu mahali panapofikiwa na mkono wa mwenziwe. Asiye na cha kupoteza hana haki ya kuendelea kupiga. Mtunga kanuni yule, ambaye jina lake halijulikani, aliona kwamba mtu aliye salama kabisa si mpiganaji tena bali ni mtazamaji mwenye silaha, na mtu wa namna hiyo hafai kuachwa mezani.

Kijana wa Nyamilangano aweza kuichukua kanuni hii na kuipandisha angani. Aandike kwamba merikebu yaweza kufunga ngao upande wowote, na upande uliofungwa haupigiki wala haupigi. Kisha aongeze kwamba amiri ambaye mwisho wa mzunguko hana hata upande mmoja ulio wazi katika merikebu zake zote ameshindwa. Akiijaribu ataona ufa jioni ile ile. Mchezaji mjanja atafunga pande tano na kuacha wazi ule wa sita, ulioelekea ukingo wa meza, mahali ambapo adui hawezi kufika. Sharti limetimizwa kwa maneno na kuvunjwa kwa maana. Hapo ndipo atakapotambua jambo ambalo bao lilikuwa limekwisha kulifanya pasipo kulisema: safu ya mbele haigeuki. Daima humtazama adui. Kwa hiyo kijana hana budi kuandika tena, kwamba upande ulio wazi lazima uwe ule unaotazamana na merikebu ya adui iliyo karibu kuliko zote. Kanuni imekuwa ndefu kwa maneno machache, na haki nyingi imeingia kwa maneno hayo.

Bao lina ngao nyingine, nayo ni ya ajabu zaidi. Katika safu ya mbele ya kila mchezaji mna shimo moja liitwalo nyumba, ambalo aghalabu huchongwa kwa umbo la mraba ili litambulike. Mchezo huanza nyumba ikiwa na kete 6, na maadamu mwenyewe hajaitawanya, na kete zake hazijapungua 6, ina heshima yake. Katika sehemu ya kwanza ya mchezo, wakati kete za mkononi zingali zinaingizwa, mtu achezaye pasipo kula akifikia nyumba yake kwa kete ya mwisho, mchezo wake husimama hapo, nyumba haitawanywi. Akiwa amekula, na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani ilhali shimo linaloikabili ni tupu, ana hiari ya kulala au kusafiri. Mashimo mengine hayana hiari hiyo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na hapana cha kula, hazina budi kuchukuliwa na kutawanywa. Sasa na ielezwe ngao hii yamkinga nani, na dhidi ya nani. Haimkingi mtu dhidi ya adui, kwa maana adui akipata njia ataila nyumba nzima kwa mkupuo mmoja, na hapana kanuni itakayomzuia. Yamkinga mwenye nyumba dhidi ya mwendo wa mkono wake mwenyewe.

Watunga michezo ya merikebu za anga hawakuliwaza sana jambo hili. Ngao zao zote zatazama nje. Lakini mtu mwenye akiba aghalabu haangushwi na pigo la adui. Huangushwa na mzunguko wake mwenyewe, ambao akisha kuuanza hawezi kuusimamisha. Mkulima wa tumbaku aliyeuza vizuri alijua jambo hili kabla hajafundishwa na mtu. Bao limeweka mahali pamoja ambapo sheria yasimama mlangoni na kuuliza: walala au wasafiri? Haimchagulii. Humpa nafasi ya kuchagua, na nafasi hiyo ndiyo ngao yenyewe.

Majirani wa Uganda, katika mchezo wao wa omweso, wamekwenda njia nyingine kabisa. Mashimo ni 32 na kete ni 64 kama katika bao, lakini huko mlaji hula mashimo mawili ya adui kwa pamoja, la mbele na la nyuma yake, kwa sharti kwamba yote mawili yawe na kete. Likiwa moja ni tupu, la pili haliliwi. Basi shimo tupu ndilo ngao ya mwenzake. Mtu hujikinga kwa kuacha pengo, na kwa kila pengo aachalo hupunguza uwezo wake wa kucheza. Bei imo ndani ya ngao, wala haihitaji kuandikwa.

Ngao za kweli zilizopata kubebwa katika nchi hii zilikuwa na bei ya namna hiyo. Katikati ya karne ya 19 Watuta, tawi la Wangoni, walifika Unyamwezi wakakaa Runzewe, pande za Bukombe, na walikuja na ngao kubwa za ngozi ya ng'ombe pamoja na mikuki mifupi ya kuchomea. Ngao ile ilimgharimu mtu mkono wake mmoja. Aliyeishika hakuvuta upinde. Bunduki za biashara zilipozidi, ngozi haikufaa kitu, na kinga ikahamia katika maboma yaliyozungushiwa miti na ua wa minyaa. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alizidi wenziwe kwa kuvunja maboma ya watu na kujenga ya kwake. Boma nalo lilitoza. Aliye ndani hakulima, na kisima kikiwa nje, siku za usalama wake zilihesabiwa kwa mitungi. Hapana aliyehitaji kuandika kanuni, kwa kuwa njaa na kiu ndizo zilizokuwa mwamuzi.

Mambo huwa mabaya pale ambapo ngao hutungwa na watu kwa maneno, na hapana njaa wala kiu ya kuitoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Kahama na mipaka ya Tabora, wanavijiji waliochoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi wenye silaha walianzisha sungusungu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha bunduki mikononi mwa watu wasiofaa, na polisi walikuwa mbali. Wanaume wakatoka usiku kwa pinde na mishale, wakajibu mwano ulipopigwa, na wizi ukapungua. Mwaka 1989 sheria iliwapa walinzi hao mamlaka ya kukamata. Ngao hii ilikuwa ya haki katika mwanzo wake, na ilikuwa na bei: kila aliyelindwa alilinda, akakosa usingizi, na aweza kufa. Walakini katika baadhi ya vijiji nguvu zile zile ziliwageukia watu waliotuhumiwa uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Wezi wenye bunduki walikuwa na pigo la kurudisha. Bibi aliyekaa peke yake hakuwa nalo. Dhidi ya mwizi mlinzi alisimama safu ya mbele. Dhidi ya bibi yule alikuwa amekwisha hamia safu ya nyuma, mahali asipoweza kuliwa, na bado akaruhusiwa kucheza.

Watu wengine watasema kwamba kufananisha damu na vifuniko vya soda ni utovu wa adabu, na kwamba mchezo ni mchezo. Neno hilo lina heshima yake, na ni kweli kwamba hapana mtu aliyekufa kwa kanuni mbaya ya ngao karatasini. Lakini mezani ndipo mahali ambapo kanuni mbaya huonekana kwa saa moja na kufutwa kwa penseli. Kijijini huchukua miaka kumi kuonekana, na wa kuifuta hayupo.

Pingamizi lililo zito zaidi ni jingine. Ikiwa kila ngao lazima iwe na bei, na bei ni moja kwa wote, je, mnyonge atailipa kwa nini? Merikebu yenye mizinga kumi yaweza kufunga upande mmoja na kubaki na mizinga minane. Merikebu yenye mzinga mmoja ikifunga upande wake imenyamaza kabisa. Sharti la safu ya mbele laonekana kuwa la haki kwa mwenye kete nyingi, na la kikatili kwa aliyebakiwa na tatu. Hapa hoja yote iliyotangulia yaweza kuanguka, na kijana wa mfano asiilinde kwa ukaidi. Kumpunguzia mnyonge bei ya ngao si upendeleo, kwa kuwa bei ile ile kwake ni kubwa zaidi. Shida ni kujua nani ni mnyonge, na lini. Mezani wote wawili huanza sawa, na mnyonge ni yule aliyecheza vibaya au aliyekosa bahati. Akipewa ngao ya bure kila anaposhindwa, mchezo hautakwisha, na mshindi atakuwa mfungwa wa huruma yake. Mchezo usiokwisha ni dhuluma pia. Aliyeshindwa ana haki ya kumaliza, kukusanya kete zake na kuanza upya.

Bao limelipima jambo hili kwa mizani ndogo sana, katika kanuni ya kutakasia. Katika sehemu ya pili ya mchezo, mtu akicheza pasipo kula, akamwacha mwenziwe hana la kula, tena akawa amebakiza shimo moja tu la mwenziwe linaloweza kuliwa katika zamu ijayo, shimo hilo hufungwa. Mwenyewe hana ruhusa ya kuzichukua kete zake na kuzikimbiza. Lazima acheze shimo jingine na kungoja. Ni kanuni ngumu, iliyotungwa makusudi ili tishio lililopangwa kwa akili lisikwepwe kwa hatua moja ya woga, na mchezo usonge mbele. Lakini wale walioitunga waliweka mipaka mitatu. Shimo likiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, halifungwi. Likiwa ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja, halifungwi. Na nyumba, maadamu ingali nyumba, haifungwi. Mwenye mashimo mengi ndiye awezaye kufungiwa moja. Aliyebakiwa na moja huachiwa alichukue akimbie nalo, na akiliwa zamu ya pili, basi ameliwa akiwa njiani.